Kiti cha Katikati

Inatangazwa rasmi, kwa mujibu wa kijitabu cha shirika la ndege lililomsafirisha Kashinje Ndalahwa, kwamba starehe ya abiria wa daraja la kawaida katika safari ndefu huanzia na huishia kwenye kiti alichopangiwa. Abiria avue viatu. Alegeze mkanda. Anywe maji mara kwa mara, anyooshe miguu, na alaze shingo mahali pa kutulia. Blanketi litatolewa kwa kila kiti. Na abiria atakayekuta kiti cha jirani kikiwa kitupu, kijitabu kinaongeza kwa ukarimu usiotarajiwa, ajihesabu amepandishwa daraja bila kulipa.

Hatuna sababu ya kubishana na shirika. Aliyeandika maneno hayo bila shaka amesafiri sana. Inawezekana tu kwamba hajawahi kusafiri na mama mkwe wake.

Kashinje anaishi Mpui, nyumba ya bati jekundu, kabla hujafika penye mashine ya kusaga. Aliingia Ufipa akiwa msichana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, kwa miguu, kutoka upande wa Shinyanga. Hiyo ndiyo safari ndefu pekee aliyowahi kuisafiri, na aliisafiri yote katika daraja la kawaida. Wenyeji waliwapokea kama watu wanavyopokea ng'ombe wengi karibu na mahindi yao: kwa adabu, na fimbo mkononi. Miaka ikapita. Ng'ombe wakapungua, mashamba yakaongezeka, na leo Kashinje ni mjane mwenye mahindi na ulezi wake mwenyewe, na ng'ombe wa watu wakiingia shambani huwatukana wenye mifugo kwa Kifipa safi, jambo ambalo baba yake angelisikia kwa huzuni.

Binti yake, Sayi, yuko Kanada, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kule wazee hupelekwa kwenye nyumba maalumu. Kashinje alipoelezwa hilo aliuliza wamekosa nini. Mimba ya kwanza ya Sayi iliharibika akiwa peke yake, mumewe kazini, theluji mlangoni. Ya pili ilipofika miezi saba alipiga simu, na hakutaka mengi.

"Mayu," alisema, kwa jina ambalo watoto wa Kisukuma huwaitia mama zao, "nataka tu uwepo. Usifanye kitu. Ukae hapo kwenye kiti, nikuone."

Kashinje alisema atakuja. Alisema upesi, kabla hajafikiri, kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka.

Lililobaki lilikuwa miguu. Miguu iliyotoka Shinyanga haikupata kuzoea kukaa; padri akirefusha mahubiri, ilivimba hadi viatu vikagoma. Daktari mjini Sumbawanga aliibonyeza kwa kidole, akatazama vishimo vilivyobaki, akatoa ruhusa kwa sharti. Mama anywe maji njia nzima. Asimame, atembee, kila mara. Akikaa kama gunia kutoka huku hadi kule, damu inaweza kuganda mguuni, na damu iliyoganda mguuni haina tabia ya kubaki mguuni.

"Umenielewa, mama? Maji na kutembea. Hilo si ombi."

"Nimeelewa, baba. Kunywa najua, kutembea najua. Hapo pagumu wapi?"

Pagumu palikuwa panaitwa Timoth.

Timoth ni mume wa Sayi, Mfipa wa Pito, mtoto wa familia ya kanisani, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala huko Kanada. Alikuwa amekuja nyumbani kusimamisha msalaba kwenye kaburi la baba yake, na ilipangwa kwamba akirudi arudi na mama mkwe. Kwenye karatasi, mpango haukuwa na kasoro.

Lakini kwao Kashinje, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali chombo kimoja, hawapishani mlangoni, na kulala chumba kimoja ni jambo ambalo hata kulikataza ni aibu, kwa sababu ili kulikataza itabidi ulitaje. Hapo hakuna uhasama wowote. Ni heshima, na heshima kubwa huhitaji nafasi kubwa. Vijana wengi wa Kisukuma siku hizi wameilegeza. Utawaona harusini wamekumbatiana na mama wakwe zao wakipiga picha. Timoth, ambaye hakuzaliwa nayo, alijifunza mila hiyo ukubwani, na akaishika kwa ukali wa mwongofu. Akija Mpui kusalimia, alisimama penye zizi, akachuchumaa kiubavu, akatazama ng'ombe, akasema, "Shikamoo, mama." Kutoka jikoni ilijibiwa, "Marahaba." Ng'ombe ndio waliokuwa wakisikia vizuri. Yaliyozidi salamu yalipitia kwa Margareth, jirani, kiongozi wa jumuiya, mwanamke mwenye sauti ya kutosha pande zote mbili.

Na hawa ndio waliokuwa wanakwenda kukaa mstari mmoja, angani, kutwa nzima.

Kashinje hakulisema. Timoth hakulisema. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kiasi cha kutoweza kumwambia kwamba anamheshimu mno kukaa naye. Aliyelisema ni Margareth, siku Sayi alipopiga simu, spika ikiwa wazi barazani.

"Sayi, mwanangu, nikuulize. Hivyo viti vimekaaje?"

"Vizuri, mama Margareth. Mayu nimempa dirishani, aone mawingu. Timoth yuko kwenye njia."

"Na katikati?"

"Katikati nimeacha."

"Umeachia nani?"

"Mtu yeyote. Mzungu, Mchina, yeyote atakayekuja. Mnadhani nimesahau kwetu? Nimeweka ukuta hapo. Mayu, unasikia? Kutakuwa na mtu katikati yenu."

Kashinje alisogelea simu. "Asipokuja?"

"Mayu, ndege hizo hujaa. Hakuna kiti kinachobaki. Watu wanalia kwa ajili ya viti."

"Awe mnene," alisema Kashinje, baada ya kufikiri.

"Nani?"

"Huyo wa katikati. Mwombe Mungu awe mnene."

Kuanzia hapo maandalizi yaliendelea kwa amani. Ushauri ulikuja wenyewe, kwa kuwa Mpui nzima ilikuwa na maoni kuhusu ndege. Mwenye haki zaidi ya kusema alikuwa Polikarp, katekista, aliyekwenda Roma na mahujaji na kurudi na rozari nyingi na mgongo mbovu. Alikuja mchana mmoja, akapewa chai, akaanza kufundisha.

"Kwanza, viatu. Vua mapema, mama Sayi, kabla miguu haijajua kinachoendelea. Vaa soksi zile za kubana, nitakuletea zangu."

"Zako hizo zimekwenda Roma?"

"Zimekwenda na zimerudi."

"Zilifuliwa?" aliuliza Margareth.

Polikarp alimwacha. "Pili, mgongo. Kiti cha ndege kimetengenezwa kwa mtu ambaye hajazaliwa bado. Kunja kitenge, weka hapa kiunoni. Tatu, soda usinywe. Huko juu tumbo linajaa lenyewe, ukiliongezea gesi utajuta, na jirani yako atajuta. Nne, begi dogo weka chini ya miguu, uikanyagie, upate kama kigoda. Mimi nilimkuta padri mmoja anafanya hivyo, nikasema kumbe seminari wanafundisha vitu."

Kashinje alikuwa akisikiliza kwa makini, mikono mapajani. "Mtu akisinzia," aliuliza, "kichwa kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yeyote. Mimi nimelala kwenye bega la mama mmoja wa Kipolandi kutoka tunaanza hadi tunafika. Kuamka nimemlowesha kwa mate. Akacheka tu, akanipa peremende." Polikarp alikunywa chai. "Watu wa huko wakarimu sana."

Kimya kilichofuata Polikarp alikidhania kuwa mshangao. Kashinje alikuwa anahesabu nafasi za kichwa chake. Ukuta ungekuwepo, Sayi alishasema. Lakini kama mtu wa katikati akienda kujisaidia? Kama naye akisinzia kwa mbele, akaacha uwazi?

Kesho yake alianza mazoezi. Baada ya chakula cha mchana alikaa barazani kwenye kiti cha mbao, akaegemea nguzo upande wa kushoto, ambao ndio ungekuwa upande wa dirisha, akazungusha khanga kwenye paji la uso na kuifunga nyuma ya nguzo, akafumba macho. Margareth alimkuta hivyo, kidevu juu, mdomo wazi kidogo, akikoroma kwa nidhamu.

"Ee, mama Sayi! Umejifunga kama ndama anayetaka kukimbilia shamba la watu!"

"Naizoeza shingo," alisema Kashinje bila kufungua macho. "Ijue upande wake."

"Na wenye ndege watakupa nguzo?"

"Kuna dirisha. Dirisha si lina ukuta?"

Hadi siku ya kuondoka shingo ilikuwa imeshaelewa. Ungeweza hata kumtwika gunia kwenye bega la kulia. Kichwa kingekwenda kushoto. Huenda hapakuwa na abiria mwingine mwaka huo aliyejiandaa kulala kwa bidii kiasi hicho.

Waliondoka Sumbawanga asubuhi yenye ule upepo wa Juni unaomfanya kila mtu aonekane ana haraka. Kwenye basi la Mbeya yeye alikaa nyuma, Timoth mbele kwa dereva. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam bahati iliwatenganisha yenyewe. Kutoka Dar hadi jiji la jangwani walikobadilisha ndege, ukuta ulikuwepo kama ulivyoahidiwa: mfanyabiashara wa madini, mnene hasa, aliyelala kabla ya kufunga mkanda. Kashinje alimtazama kwa shukrani ambayo yeye hataijua kamwe. Alikunywa maji, akapita mbele ya magoti ya mtu yule, Timoth akiwa amekwishasimama na kugeukia upande wa pili kama askari wa gwaride, akaenda, akarudi. Haja yake alikuwa ameitangaza kwa mfanyabiashara, si kwa mkwe. Kila kitu kilikuwa na heshima yake.

Ndege ya kutoka huko jangwani ndiyo ya safari ndefu. Iliondoka asubuhi ikafuata jua, kwa hiyo ilikuwa mchana muda wote. Madirisha yalifungwa kwa amri, na usiku ukatangazwa na wafanyakazi.

Kashinje aliketi dirishani. Alivua viatu, akakunja kitenge akakiweka kiunoni, akasukuma begi chini ya miguu. Ndani ya begi mlikuwa na unga wa ulezi aliopewa na Margareth kwa ajili ya uji wa mzazi; aliukanyagia kwa kuomba radhi. Timoth aliketi kwenye njia, ametazama njia. Wote wawili wakaanza kungoja mtu.

Watu walipita. Alipita Mhindi na watoto, hakusimama. Alipita kijana mrefu mwenye gitaa. Kashinje alimwona akikagua namba juu ya kiti, moyo ukainuka, kijana akasonga mbele. Alipita mama wa Kizungu mwenye mwili wa kuridhisha kabisa, akaketi mstari wa nyuma. Tuseme ukweli: katika ndege yoyote duniani, kila aliyekaa kando ya kiti kitupu huomba kibaki kitupu. Kuna watu huweka hata koti wakajifanya hawajaliona. Katika mstari huu pekee abiria wawili, mmoja akitazama bawa la ndege na mwingine akitazama zulia, walikuwa wakimwomba Mungu yuleyule kitu cha kinyume.

Milango ilifungwa. Kiti cha katikati kilikuwa na mto, blanketi na mkanda, na hakikuwa na mtu.

"Hongera," mhudumu alisema kwa Kiingereza alipopita, akakionyesha kile kiti huku akitabasamu. Timoth alisema asante. Alikuwa anatoka jasho.

Ndege ilipotulia angani yakaletwa maji. Kashinje alitikisa kichwa. Yakaletwa tena pamoja na chakula. Timoth, kwa kuwa mama mkwe hawezi kula mbele yake wala yeye mbele ya mama mkwe, alifunika sahani yake na kugeuka. Kashinje naye akafunika yake. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Lakini bilauri ya maji ndiyo Timoth aliyoiona, kwa pembe ya jicho, ikirudi imejaa.

Alijua sharti la daktari; Margareth alilipeleka Pito kwa sauti yake yote. Sasa akaelewa hesabu ya upande wa pili wa kiti. Mama akinywa, itabidi aende. Ili aende, itabidi ampitie yeye. Ili ampitie, itabidi amwombe apishe, na kumwomba apishe ni kumwambia mkwe wake, kwa kinywa chake, anakokwenda na kwa nini. Mama alikuwa amechagua. Alikuwa amekaa wima, kichwa kimeegemea upande wake wa mazoezi, miguu imetulia juu ya unga wa ulezi, kama gunia.

Timoth alisimama, akaenda mbele, hadi penye jiko dogo linalogawa vyumba vya ndege, akasimama hapo. Akabaki amesimama.

Haikupita muda mhudumu akamfuata. Kwenye kifua aliandikwa Lydia, na alipomsikia akisema "samahani" chini kwa chini akabadilisha lugha.

"Kaka, una shida? Huruhusiwi kusimama hapa. Rudi kwenye kiti chako."

"Dada, nikisimama nyuma je?"

"Nyuma pia hapana. Si umelipia kiti? Na hata kuna kimoja kitupu kando yako, unaweza kujinyoosha kama mfalme."

"Ndicho chenyewe," alisema Timoth. "Hicho kitupu. Ng'ambo yake kuna mama mkwe."

Lydia alitoka Voi, Kenya. Alimtazama, akatazama mstari ule, kichwa kilichofunikwa khanga dirishani.

"Mama mkwe mama mkwe?"

"Kabisa."

"Aa. Bibi yangu alikuwa akimwona mkwe wake sokoni anaruka mtaro. Na alikuwa na umri huo." Akafikiri. "Sasa wewe umepanga nini? Usimame mpaka Kanada?"

"Akae huru tu. Anywe maji. Ana miguu mibaya, dada, daktari alisema. Mimi nisipokuwepo pale atainuka mwenyewe."

"Na wewe miguu yako?"

"Mimi kazini nasimama."

"Kazini si unaendesha, umekaa?"

Timoth hakukumbuka kumwambia, kumbe alikuwa amemwambia hapohapo, kwa woga, pamoja na mambo mengine mengi. Lydia akavuta pazia la jiko nusu. "Simama hapa ndani. Ukiulizwa, unaumwa mgongo. Lakini sikiliza: taa ya mkanda ikiwaka, unakwenda kukaa. Hapo hakuna bibi wala mtaro, ni sheria."

Kashinje, dirishani, aliona kiti cha njia kimebaki wazi. Alingoja mwenyewe arudi. Hakurudi. Alimwona kwa mbali, kichwa chake kando ya pazia, kimetazama mashine ya kahawa. Alimwelewa mara moja, na jambo lenyewe likamtia aibu zaidi: mtoto wa watu amefukuzwa kwenye kiti chake kwa sababu yake. Kwa hiyo bado hakunywa. Kunywa kungekuwa kama kusherehekea.

Hapo ndipo ndege ilipoingia kwenye mawingu mabaya. Ilishuka kidogo, ikapanda, mabegi yakagonga humo juu, na taa ya mkanda ikawaka. Lydia alimtazama Timoth, akamwonyesha kiti kwa kidole. Timoth akarudi akijishika kwenye viti vya watu, akaketi ubavu, mgongo kwa dirisha, akafunga mkanda.

Ndege ilitikisika. Kashinje alishika ukuta. Mbele yao, kwenye skrini ya kiti cha katikati ambacho hakikuwa na mtu wa kuitazama, kulikuwa na ramani, na juu ya ramani ndege ndogo nyeupe isiyotikisika hata kidogo, juu ya bahari.

Kwao Kashinje, panapokuwa na neno la lazima na hapana mtu wa kulipitisha, husemwa kwa kitu. Mama yake alikuwa akisema na chungu. Chungu kikasikia, na mkwe aliyekuwa nje akasikia pia. Kashinje alisafisha koo.

"Wewe kindege," alisema, akiitazama skrini. "Mwambie huyo mtoto ageuke akae vizuri. Mkanda ukimkata tumbo, Sayi atanidai mume."

Mgongo wa Timoth ulikakamaa. Alikuwa hajawahi kusikia kwa mama huyu neno zaidi ya marahaba. Taratibu akageuka, akaangalia kindege kilekile.

"Kindege," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "mwambie mama nimekaa. Mwambie anisamehe kwa kukaa."

"Mwambie hajakosa. Aliyekosa ni huyo mnene ambaye hakuja."

Timoth akauma midomo asicheke, akashindwa, akacheka kuelekea kwenye njia.

"Kindege, mwambie mama kuna neno moja. Hili neno gumu. Taa ikizimika mimi naondoka, nakwenda mbele, na sitarudi mpaka tushuke. Asimame atembee anavyotaka. Vyoo viko nyuma. Mimi niko mbele, na nitakuwa natazama mbele."

Kashinje aliikaza khanga kichwani. Ndege nayo ikatulia, kana kwamba inasubiri kutumwa.

"Mwambie atachoka."

"Mwambie mama nimezoea."

"Mwambie uongo huo amweleze mke wake." Halafu, chini zaidi: "Mwambie Sayi alizungumza kweli. Alisema huyu ni mtu."

Taa ikazimika. Timoth akafungua mkanda na kuondoka upesi, kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Lydia alipopita na maji, Kashinje alichukua bilauri mbili. Alizinywa zote palepale, kwa utulivu, kama mtu anayelipa. Tangu hapo alikunywa, akainuka, akaenda nyuma, akanyoosha miguu karibu na mlango, akarudi, akainuka tena. Mama wa Kizungu wa mstari wa nyuma, aliyekuwa akimwangalia, naye akaanza kumfuata. Baadaye wakajiunga wengine wawili wenye umri wao, wakawa wanazunguka nyuma ya ndege kwa mstari, polepole, Kashinje mbele, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Chakula kilipoletwa mara ya pili alikula chake chote. Mwishowe akalala, amejikunja kwenye viti viwili, cha dirisha na cha katikati, kichwa upande wa mazoezi. Kiti cha tatu hakukigusa. Ni cha mkwe.

Huko jikoni Timoth alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alisaidia kupanga vikombe. Alijifunza kwamba kahawa ya ndege hutoka kwenye pakiti. Wakati mmoja Lydia alimletea juisi na kumwambia, "Anakoroma mama yako," naye Timoth akaomba asielezwe zaidi, maana hayo hayamhusu.

Sayi aliwapokea uwanjani, tumbo mbele. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akamshusha kwenye benchi, akapiga magoti kwa shida na kuibonyeza miguu kwa kidole, kama daktari wa Sumbawanga. Haikubaki na kishimo.

"Mayu! Umefanya nini? Mimi nikisafiri hushuka na miguu kama magogo."

"Nimepumzika," alisema Kashinje. "Nimekunywa maji. Ndege nzuri sana."

"Na huyo wa katikati alikuwaje? Mnene?"

Kashinje alitazama pembeni. Upande wa pili wa toroli, amegeukia mlango wa kutokea, Timoth alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Vilikuwa vimegoma kuingia.

"Mwembamba," alisema Kashinje. "Lakini alitosha."

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, na Kashinje alikaa hapo kwenye kiti, akaonekana. Uji wa ulezi ulipikwa, ukiwa na alama ya kisigino kwenye mfuko. Shirika la ndege lilimtumia Timoth ujumbe likimwomba ataje, kwa ajili ya kuboresha huduma, kama alipata starehe kwenye kiti alichopangiwa. Timoth, ambaye ana heshima hata kwa mashirika, alijibu kwamba kiti kilikuwa na starehe sana.

Blanketi la kiti hicho Lydia alilikuta bado ndani ya plastiki yake, halijafunguliwa.